Jua la Kulipia

Mtu anayelala Kinondoni mwezi wa pili, umeme umekatika, feni imesimama na mbu wameshapata taarifa, hana sababu yoyote ya kupanda ndege kwenda kutafuta joto. Joto analo. Likipungua ataazima kwa jirani. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba safari ninayoilalamikia leo haikuwa wazo langu. Wazo lilikuwa la mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Las Vegas na kufanya kazi hotelini zamu ya usiku. Mchana kutwa analala ndani ya kiyoyozi, usiku kucha anafanya kazi ndani ya kiyoyozi. Mtu akiishi hivyo miaka mingi huanza kuliona jua kuwa ni starehe.

"Mjomba," akaniambia, "huwezi kufika Vegas mwezi wa saba ukaondoka bila kuiona Death Valley. Watu wanatoka Ujerumani kuja kuiona."

Nikamuuliza kuna nini huko.

"Joto."

Nikamsubiri amalizie sentensi. Kumbe ameshamaliza.

Basi nikaelezwa. Death Valley, Bonde la Mauti, ni hifadhi ya taifa iliyoko California, na kipande chake kimeingia Nevada. Kutoka Las Vegas ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1994, na ukiziacha za Alaska, Marekani nzima hakuna hifadhi ya taifa kubwa kuliko hiyo. Sifa yake kuu ni kwamba tarehe 10 Julai 1913 kipimajoto kilisoma nyuzi 56.7 za Selsiasi, na mpaka leo hiyo ndiyo rekodi ya dunia. Libya nao walikuwa na rekodi yao ya nyuzi 58, ya mwaka 1922, wakatamba nayo miaka tisini, halafu mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaifuta kwa maelezo kwamba aliyepima huenda hakukisoma kipimajoto sawasawa. Wapo wataalamu wanaoitilia shaka hata hiyo ya 1913, lakini wenye bonde hawatikisiki, kwa sababu mwaka 2020 na tena 2021 walipata nyuzi 54.4 kwa vipimo vya kisasa.

Kinachonishangaza ni kwamba watu wazima, wasomi, wamekaa mezani kugombea nani ana joto zaidi. Ingekuwa Dar na Tanga, kila mmoja angekuwa anamsukumia mwenzake: lenu, chukueni nyie.

Tuliondoka alfajiri, mpwa wangu amevaa ndala. Nikamwambia avae viatu. Akasema, "Mjomba, ni joto, miguu ipumue." Nikamwambia miguu haina mapua, avae viatu. Akavaa, kwa adabu tu, maana mjomba ni mjomba hata Nevada. Baadaye mle hifadhini nilisikia habari ya mtalii mmoja kutoka Ubelgiji aliyekwenda kutembea kwenye matuta ya mchanga Julai 2024, ndala zikampotea au zikakatika njiani, akarudi pekupeku. Ngozi ya nyayo iliungua vibaya sana. Helikopta ya kumchukua ikashindwa kutua pale bondeni kwa joto, maana hewa ikishapashwa moto kiasi hicho inakuwa nyepesi na mapangaboi hayapati cha kushika. Ikabidi gari la wagonjwa limpeleke kwanza mahali pa juu, palipo na nafuu, ndipo akapandishwa. Mpwa wangu aliisikiliza habari hiyo akitazama viatu vyake, na mimi nikamtazama yeye, sikusema neno. Kuna ushindi ambao mtu anaunyamazia ili udumu.

Sasa, mimi ninapotajiwa hifadhi ya taifa ninajua nitegemee nini. Nimepita Mikumi na basi la Mbeya, bila kulipa hata senti ya kiingilio, nikaona tembo, twiga na pundamilia kupitia dirishani huku nakula mahindi. Hapa kwanza hakuna hata geti. Barabara inaingia tu, kuna kibao chenye jina, halafu ni juu yako na dhamira yako kutafuta mashine ulipe dola 30 kwa gari. Hakuna aliyesimama kudai. Mpwa wangu alilipa kwa haraka ya mtu anayeogopa kupitwa na ofa. Nikamwambia kwamba nchi yenye jua la namna hii kwa kawaida ndiyo inayomlipa mtu aje, inaita posho ya mazingira magumu. Hakucheka. Watoto wanaokulia ughaibuni hawajui posho.

Halafu wanyama. "Wapo," alinihakikishia, "ila mchana wanajificha." Nikaambiwa kuna panya mmoja anayeweza kumaliza maisha yake yote bila kunywa tone la maji, anapata unyevunyevu kwenye mbegu anazokula, mchana yuko shimoni, usiku ndiyo anatoka. Nikaambiwa kuna samaki. Jangwani! Ni wadogo, hawafiki hata urefu wa kidole gumba, na wanaishi kwenye shimo moja la maji ya vuguvugu upande wa Nevada na si pengine popote duniani. Wamezungushiwa uzio na kuwekewa kamera. Mwaka 2016 walevi waliruka uzio huo, samaki mmoja akafa, na kesi ikaisha kwa mtu kwenda jela, ingawa alikuwa na makosa mengine juu yake. Nikamfikiria muuza dagaa wa Kirumba. Angefungwa miaka mingapi?

Mnyama niliyemwona kwa macho yangu ni kunguru. Ni mkubwa kuliko wetu, mweusi tii. Wawili walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha gari la mtu pale maegeshoni, midomo wazi, wanahema. Mwenye gari akaja, akawasha, akaondoka. Kunguru wakatazamana, wakatembea kwa miguu, hawakuruka, mpaka kwenye kivuli cha gari letu, wakafungua tena midomo. Pale hifadhini sikuona viumbe wengine waliokuwa na msimamo mmoja na mimi.

Kitu nilichoibiwa mapema kabisa ni jasho. Dar jasho ni mali ya mtu. Linatoka, unaliona, unalifuta kwa leso, unamwonyesha mwenzako mgongo wa shati, mnalaumu pamoja. Kule hewa ni kavu kiasi kwamba jasho likitokeza tu limekwenda. Unasimama uso mkavu, unajiona mzima, kumbe maji yanakutoka. Wenyewe wanasisitiza kila mtu anywe angalau lita 4 kwa siku. Niliilowesha leso yangu bombani, nikaivaa shingoni, nikavuka maegesho. Nilipofika upande wa pili nikaivua ikiwa imekauka kau. Mpwa wangu alikuwa na fulana nyeusi, na kufika saa sita mchana mgongoni palikuwa na mistari myeupe ya chumvi, imejichora yenyewe ramani ya nchi fulani hivi. Maji ya chupa tuliyoyasahau kwenye dashibodi yalifaa kutilia majani ya chai.

Mahali penyewe tulipoegesha ni Furnace Creek, ambapo ndipo palipopimwa ile rekodi. Pana kituo cha wageni, duka, mitende iliyopandwa zamani na sasa ni mirefu, na uwanja wa gofu ulio mita 65 chini ya usawa wa bahari. Nje ya kituo cha wageni pamesimamishwa kipimajoto kikubwa cha tarakimu za umeme. Hicho ndicho kivutio. Nadhani msomaji hajanielewa, narudia: watu wanasafiri kutoka Ulaya kuja kupiga picha na kipimajoto.

Palikuwa na foleni. Mzee mmoja alikuwa amevaa koti zito la manyoya, limefungwa vifungo vyote, anatabasamu wakati mkewe anampiga picha. Palikuwa na familia ya Kifaransa, watoto wamewekwa mstari kwa urefu. Kipimajoto kilisoma nyuzi 51. Zamu yetu ikafika, mpwa wangu akanishika mkono.

"Mjomba, tusubiri kidogo. Itapanda."

"Ipande iende wapi?"

"Hamsini na mbili. Picha ya hamsini na moja wanayo wengi."

Tukasubiri. Juani. Nyuma yetu hakuna aliyelalamika. Foleni nzima ilikuwa inaisubiri hiyo hamsini na mbili kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwenye foleni yoyote ya kitu chenye faida. Na ilipobadilika, watu wakapiga makofi. Sikuwahi kufikiri nitaishi hadi nione binadamu wanalipigia joto makofi. Nikampigia picha mpwa wangu, simu ikaandika kwamba imepata moto na inahitaji kupumzika, ikajizima. Simu ina akili. Ndipo nikaambiwa na kijana wa dukani kwamba kipimajoto chenyewe si rasmi, kile rasmi kiko pembeni mahali pake, na hiki cha picha kina tabia ya kuzidisha kidogo. Sikumwambia mpwa wangu. Alikuwa na furaha.

Kutoka hapo tukaenda Badwater, ambapo ndipo chini kabisa ya Amerika ya Kaskazini, mita 86 chini ya usawa wa bahari. Unateremka kwenye gari, mbele yako pametandazwa chumvi nyeupe mpaka macho yanauma, na ukigeuka nyuma ukainua kichwa, juu kabisa ubavuni mwa jabali pamebandikwa kibao kuonyesha bahari ingefikia wapi kama ingekuwapo. Mimi nimezaliwa Pangani. Nimewahi kuwa majini, nimewahi kuwa ufukweni, nimewahi kuwa kwenye chombo kinachovuja. Kusimama chini ya bahari ilhali ulimi umekauka, hilo lilikuwa jipya, na sikulipenda. Pana kidimbwi kidogo cha maji yenye chumvi kando ya njia ya mbao. Inasimuliwa kwamba mpima ardhi wa zamani alimleta baghala wake anywe hapo, baghala akakataa, na ndiyo mahali pakapata sifa mbaya. Kibao kingine kinamwonya mgeni asitembee humo baada ya saa nne asubuhi. Ilikuwa saa saba mchana. Mpwa wangu akataka tutembee "kidogo tu". Nikamwambia baghala alikataa, na mimi nimekataa.

Sababu ya joto lote hilo, kwa jinsi ninavyoielewa, ni ubaya wa majirani. Bonde ni refu, jembamba, limezungukwa na milima mirefu pande zote. Hewa ikipata moto inajaribu kupanda, inakutana na milima na baridi ya juu, inarudishwa chini, na inaposhuka inabanwa na kuzidi kupata moto, inajaribu tena, inarudishwa tena. Nimewahi kuona watu wanazungushwa hivyo kwenye ofisi, sikujua kwamba ndivyo nyuzi 50 zinavyotengenezwa. Mvua nayo inatoka bahari ya Pasifiki, inaishia kwenye safu za milima iliyoko magharibi, bondeni inafika hewa kavu tupu. Kwa mwaka mzima wanapata milimita 50 hivi, ambazo kwetu ni alasiri moja ya masika. Na zikija zote kwa mkupuo ni balaa: Agosti 2023 mvua ya mwaka mzima ilinyesha kwa siku moja, barabara zikabebwa, hifadhi ikafungwa hadi Oktoba, na pale kwenye chumvi likatokea ziwa. Hapo peke yake ndipo nilipojisikia nyumbani. Jangwa lao lina tabia za Jangwani yetu ya Dar.

Lakini nilichoondoka nacho moyoni, na kinachonifanya niandike haya badala ya kunyamaza, ni kwamba hakuna mwenye akili aliyewahi kukaa pale kiangazi kwa hiari. Hakuna. Wenyeji wa asili wa bonde hilo, Washoshone wa Timbisha, ambao wapo hapo tangu kabla Mzungu hajajua kuna California, walikuwa na mpango ulio wazi: baridi wanakaa bondeni, joto likianza wanahamia milimani. Wapo mpaka leo, wana kijiji chao palepale Furnace Creek, na mwaka 2000 sheria iliwarudishia sehemu ya ardhi yao. Wanaolijua bonde kuliko wote walikuwa wakilikimbia kila mwaka.

Wale watafuta dhahabu walioliita Bonde la Mauti ndio kichekesho. Walifuata njia ya mkato, wakakwama humo Desemba 1849. Desemba! Wakateseka kwa njaa na kiu, wakala ng'ombe waliokuwa wakiwavutia mikokoteni, wakatoka wakiwa wamelipa jina hilo baya, na joto lenyewe la kiangazi hawajalionja.

Miaka ya 1880 kukaja uchimbaji wa boraksi, ile chumvi ya kufulia na kutengenezea vioo. Ilisombwa kwa mikokoteni mikubwa iliyovutwa na baghala 18 wakiongozana na farasi 2, safari ya kilomita 265 hivi mpaka kwenye reli Mojave. Mabosi wale hawakuwa watu wa huruma. Lakini kiangazi kikifika walifunga kazi bondeni na kuihamishia Amargosa, kwenye nafuu, na si kwa ajili ya vibarua: maji yalikuwa hayapoi kiasi cha kuiruhusu boraksi igande. Yaani hata boraksi ilikataa. Msomaji ahesabu mwenyewe: wenyeji wamehama, boraksi imehama, panya yuko shimoni, helikopta haitui, simu imejizima. Waliobaki juani ni mzee wa koti la manyoya, mimi na mpwa wangu.

Namuondoa humo mtu wa mbio. Kila Julai wanakuja watu kushindana kukimbia kilomita 217, kuanzia hapohapo Badwater mpaka kwenye mlango wa mlima Whitney, ambao ndio mrefu kuliko yote Marekani nje ya Alaska. Mtu wa kwanza kuimaliza njia hiyo kwa mbio aliimaliza mwaka 1977, na badala ya kumwonea huruma wakamuiga. Wengine hukanyaga mstari mweupe wa barabara muda wote kwa sababu lami ina moto zaidi. Hawa si wageni wala wenyeji. Hawa ni wa kuombewa.

Ardhi, tena, ni habari nyingine. Julai 1972 uso wa ardhi pale Furnace Creek ulipimwa ukakutwa na nyuzi karibu 94. Matokeo yake kila mgeni anataka kukaanga yai. Mwaka 2013 wahifadhi walilazimika kuwaomba watu waache, kwani walikuwa wakipasua mayai juu ya lami ya maegesho, halafu mayai hayaivi vizuri, yanabaki uchafu, na mhifadhi aliyesomea ikolojia anapewa kazi ya kukwangua makombo. Ukiniuliza mimi, mtu anayebeba mayai trei nzima kutoka mjini kwenda kuyamwaga chini ndiye angepaswa kuwekewa uzio na kamera.

Kurudi ni kupanda. Kwenye milima ya huko kuna vibao vinavyowaomba madereva wazime kiyoyozi ili injini isichemke, na gari la mpwa wangu si jipya. Viwanda vya magari, nimeambiwa, huleta hapo magari ambayo hayajaingia sokoni kuyajaribu kama yatahimili. La kwetu lilikuwa limeshajaribiwa sana. Mshale wa rejeta ukaanza kupanda, mpwa wangu akazima kiyoyozi, tukafungua madirisha. Upepo ulioingia ulikuwa kama unaompata mtu aliyekaa upande wa moshi wa tanuri la chokaa. Tukaenda hivyo kimya, mdomo umefungwa ili mate yasikauke, mpaka tukafika juu.

Saa mbili usiku tukawa mji wa Pahrump, njiani kurudi Vegas, tunakula, mtandao umerudi, Dar ni asubuhi. Mpwa wangu akamtumia mama yake picha ya kipimajoto pamoja na video ya Badwater, chumvi nyeupe inakwenda mpaka miguuni mwa milima. Hakukawia kupiga. Akaanza na mimi.

"Kaka, hiyo yote ni chumvi?"

"Chumvi tupu."

"Na jua ndiyo hilo, kila siku?"

"Kila siku."

"Sasa mbona sioni hata chanja moja? Chumvi ipo, jua lipo, hakuna anayeanika hata ng'onda?"

Mpwa wangu akaingilia kumweleza kwamba ile ni hifadhi, mama, hairuhusiwi kufanya shughuli, huruhusiwi hata kuokota jiwe, achilia mbali chumvi. Dada yangu akanyamaza kidogo. Nyuma yake nikasikia mtu anachota maji kwenye pipa.

"Na mmelipa?"

"Dola thelathini, mama."

"Kwa hiyo mlikwenda kufanya nini?"

Mpwa wangu akanipa simu niongee mimi.